Chumba cha giza: Uliza kwanza, kisha toa shauri

Bukavu – Filimu ya kwanza niliyoiosha mwenyewe nyumbani ilitoka kama maji. Negatifu ilikuwa nyepesi, karibu iwe wazi kabisa, na uso wa nyanya yangu, mzazi wa mama, ulikuwa kivuli tu. Nikawaeleza wenzangu wanne wanaopenda foto za nyeusi na nyeupe. Wa kwanza akasema niongeze dakika ndani ya dawa. Wa pili akasema dawa imeoza, niimwage. Wa tatu akaihukumu apareyi. Wa nne alicheka tu: siku hizi kuna simu, unajisumbua kwa nini? Hakuna hata mmoja aliyeomba kuiona ile filimu.

Kwangu haukuwa mchezo. Filimu ya pili, iliyopigwa juma lile lile kwa apareyi ile ile, ilikuwa bado ndani ya kopo lake, na nyanya alikuwa amekwisha kufariki. Filimu huoshwa mara moja. Ukikosea, hakuna kurudia.

Nikaenda kwa mzee mmoja aliyekuwa na studio Kadutu, enzi zile jamaa nzima ilivaa vizuri na kwenda kupigwa foto ya sikukuu. Aliinua negatifu kwenye dirisha. Hakutazama nyuso. Alitazama pembeni, mahali kiwanda kinapoandika jina la filimu na namba za foto. Maandishi yale hayatoki kwenye apareyi. Kiwanda kimeyachapa kwa mwanga kabla filimu haijauzwa, nayo yanasubiri dawa tu. Yakionekana hafifu, basi dawa haikufanya kazi ya kutosha: dakika zilikuwa chache, maji yalikuwa baridi, ama dawa yenyewe imechoka. Lakini yakitoka meusi vizuri huku foto ni tupu, usiisingizie dawa. Mwanga ndio uliokosekana wakati wa kupiga.

Yangu yalikuwa meusi vizuri kabisa.

Ndipo akaanza kuuliza. Filimu ni ya ISO ngapi? Mia moja. Na apareyi uliiweka kwenye ngapi? Nikanyamaza. Niliiacha kwenye 400, kama mwenyewe wa zamani alivyoiacha. Maana yake kila foto ilipata robo tu ya mwanga iliouhitaji. Na mwanga ukipunguka hivyo, uso wa mtu mweusi aliyeketi kivulini hupotea wa kwanza, shati lake jeupe likabaki. Mzee hakunicheka. Aliuliza tu kama filimu ya pili nayo ilipigwa kwenye 400.

Ilipigwa kwenye 400. Na hapo nilishangaa: kwa filimu hiyo ya pili, shauri la kuongeza dakika lilikuwa na maana! Yule mwenzangu wa kwanza alikuwa amegonga ukweli bila kujua mlango gani. Kuongeza dakika hukolezesha sehemu zilizopata mwanga kidogo, lakini hakuumbi kitu mahali ambapo mwanga haukufika. Kwa hiyo swali likawa: dakika ngapi? Mzee alieleza namna yao ya zamani. Gizani, unakata kipande kifupi mwanzoni mwa filimu, unakiosha peke yake, unakitazama, halafu unaamua juu ya filimu iliyobaki. Bei yake ni foto moja au mbili, na unakata bila kuona ni zipi. Aliniambia faida na hasara, akaniachia mimi uamuzi, kwa kuwa nyanya alikuwa wangu.

Mara nyingi mashauri ya chumba cha giza yanakosa vipimo. Mtu anasema: mimi huweka dakika tisa. Katika dawa gani? Imechanganywa na maji kiasi gani? Kwenye joto gani? D-76, dawa ya Kodak inayotumika tangu miaka ya 1920, fomula yake inajulikana: kwa lita moja, metoli gramu 2, salfiti ya sodiamu gramu 100, hidrokinoni gramu 5 na boraksi gramu 2. Dakika zake za kawaida huhesabiwa kwenye digrii 20. Maji yakiwa na joto zaidi, dawa inakimbia. Uvira kuna joto kuliko Bukavu. Dakika zinazofaa hapa zinaweza kuikaanga filimu kule. Mtu akitaja dakika bila digrii, hajasaidia kitu.

Kupeana siri za dawa si jambo jipya. Mwanzoni mwa mwaka 1839, Talbot wa Uingereza alikuwa na picha juu ya karatasi, lakini kuzizuia zisiendelee kuwa nyeusi mwangani kulimsumbua. Alikuwa akitumia maji ya chumvi. Rafiki yake John Herschel alikuwa amegundua tangu 1819 kwamba kemikali iitwayo hipo huyeyusha chumvi za fedha. Herschel aliijaribu kwenye picha, ikafaa, na baada ya siku chache akamwambia Talbot waziwazi. Hakuuza siri hiyo. Daguerre wa Ufaransa naye aliichukua. Talbot, kwa upande wake, alikuja kuifungia haki njia yake mpya mwaka 1841. Fiksateri tunayomimina leo bado ni ya ukoo wa hipo ile.

Kuna mahali ambapo sitaki maneno laini, hata hivyo. Ukimwona mtu anachanganya dawa katika sufuria ya ugali, ama amejifungia na fiksateri chumbani bila hewa, mkataze hapo hapo. Metoli huwasha ngozi ya wengine hadi ipasuke. Adabu ya kuuliza maswali ingoje.

Niliosha filimu ya pili usiku mmoja umeme ulipokatika mtaa mzima. Kwa kazi hii, hasara ya jirani inakuwa faida. Kipande cha majaribio kilikula foto moja: mkono wa nyanya na nusu ya kikombe chake. Kilikuwa bado chepesi, kwa hiyo nikaongeza dakika mbili kwa filimu iliyobaki. Ilitoka na chembe nyingi, na vivuli vya nyuma ya kiti vimefungwa kabisa. Lakini macho yake yanaonekana.

Juma lililofuata nilimrudishia mzee habari: dawa, digrii, dakika, na negatifu yenyewe. Aliitazama pembeni kwanza, kisha akavuta daftari lake na kuandika.