Ndege Imejaa na Tiketi Unayo: Ipi Inakulinda?

Mashirika ya ndege huuza tiketi kupita idadi ya viti, yakijua kuna abiria ambao hawatatokea. Wakitokea wote, mtu anaachwa. Kwa mkazi wa mitaa ya Pipeline au Utawala, Nairobi, kurudi nyumbani kutoka uwanja wa ndege wa JKIA ni safari fupi, lakini kazi au mtihani unaomsubiri ng'ambo haumngoji. Kwa hiyo, unapolinganisha bei na kilo za mizigo, linganisha pia fidia. Hiyo hutegemea ndege inakoondokea na nchi ya shirika linaloirusha. Tutazame safari za kutoka Nairobi.

Amsterdam. KLM ni shirika la Ulaya, hivyo Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya 2004 inakulinda kwenda na kurudi. Ukipanda Kenya Airways, kanuni hiyo inakulinda ukirudi tu. Fidia ni euro 600, takriban shilingi 90,000, ingawa inaweza kupunguzwa nusu ukifikishwa kwa ndege nyingine bila kuchelewa zaidi ya saa nne. Juu yake unapewa chakula, hoteli ukilazimika kulala, na unachagua kurudishiwa nauli au kusafirishwa kwa ndege nyingine. Hulazimiki kupokea vocha badala ya pesa.

London. Mpangilio ni huohuo kwa sheria ya Uingereza: British Airways pande zote mbili, Kenya Airways ukirudi. Kiwango ni pauni 520.

New York. Sheria ya Marekani inatumika ukiondokea huko, hata kwa Kenya Airways. Ukicheleweshwa zaidi ya saa nne, unadai mara nne ya nauli ya upande huo, isiyozidi dola 2,150.

Dubai, Doha, Jeddah. Huku ndiko vijana wetu wengi huenda kutafuta kazi, na hakuna hata moja ya sheria hizo tatu inayowafuata. Wanaweza kutegemea masharti ya tiketi, Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012, na Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao unataka uthibitishe hasara ya kucheleweshwa na ushtaki ndani ya miaka miwili. Peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya (KCAA). Mahakama ya Madai Madogo, kama ile ya Milimani, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja.

Kabla ya kulipa, muulize wakala ndege ni ya nani hasa, kwa maana tiketi ya KLM inaweza kukupandisha ndege ya Kenya Airways, na sheria humtazama anayerusha. Fika kaunta mapema. Aliyechelewa hana dai. Ukiombwa ujitolee kubaki, patana kwanza, kwa sababu ukikubali unapoteza fidia iliyowekwa. Ukilazimishwa kubaki, dai sababu kwa maandishi na utunze kila risiti, hata ya teksi ya kurudi mtaani Donholm.

Je, ulinzi huo unastahili bei gani? Kuachwa hutokea kwa nadra. Kama tiketi inayolindwa imezidi kwa shilingi elfu tano au kumi, na una miadi isiyoahirishika, inunue. Ikizidi kwa elfu arobaini, chukua ya bei nafuu, uondoke siku moja mapema, na pesa zilizobaki ziwe akiba yako ya dharura.