Mto Sibiti Miaka Ijayo: Hesabu au Ramli?



Baadhi yenu mmetuuliza: wataalamu wakisema mto fulani utapungua au utafurika ifikapo 2050, je, huko si kudai elimu ya ghaibu? La hasha. Ni hesabu ya "ikiwa", wala haina uhakika kama ile ya nyakati za swala.

Tuchukue Mto Sibiti, kaskazini mwa mkoa wetu wa Singida. Maji ya Wembere huingia Ziwa Kitangiri, kisha Sibiti huyapeleka Ziwa Eyasi, ambalo halina mto wa kutokea. Huko maji huishia kuwa mvuke. Mtaalamu huingiza katika kompyuta mvua iliyonyesha, maji yaliyokaushwa na jua na yaliyozama ardhini. Yanayobaki ndiyo ya mto. Kwanza huijaribu kwa miaka iliyopita, mathalani ya El Nino, 1997 na 1998. Isipolingana na vipimo, huirekebisha.

Ndipo huingiza hali ya hewa ya miaka ijayo, na hapo ndipo penye utata. Kwamba joto litazidi, hesabu zote zinakubaliana. Kiasi cha mvua, zinatofautiana. Lakini kila nyuzi 1 ya joto huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, hivyo mvua kubwa huzidi ukubwa, na jua nalo hukausha zaidi. Kwa hiyo mto huohuo waweza kukauka mapema Septemba, kisha ukavunja kingo Januari. Mvuvi wa Kitangiri akisikia habari hizo mbili, asidhani wataalamu wamejichanganya.