Nusu Kilo ya Gesi Ni Lita Ngapi?

Vikundi vinavyonunua mitungi ya gesi kwa zamu, mwezi huu mama huyu na mwezi ujao mwingine, hutuuliza: mbona gesi twauziwa kwa kilo, na shuleni watoto wafundishwa kwamba gesi hupimwa kwa lita? Yote mawili ni kweli. Ndani ya mtungi gesi imekandamizwa hadi ikawa majimaji, ukiutikisa wasikia yakicheza. Ikitoka nje hutanuka sana.

Hutanuka kiasi gani? Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Sisi tuchukue butani peke yake, hesabu iwe fupi. Wataalamu huhesabu chembe za gesi kwa mafungu, na fungu moja huitwa moli. Moli moja ya butani ina uzito wa gramu 58. Sasa, mwaka 1811 Mwitaliano mmoja, Amedeo Avogadro, alitoa wazo kwamba gesi zenye ujazo sawa huwa na idadi sawa ya chembe, mradi joto na mgandamizo ni sawa. Kwa hiyo moli ya gesi yoyote, nzito au nyepesi, huchukua nafasi ile ile. Kwa joto letu la Diani na Msambweni, digrii 30 hivi, nafasi hiyo ni karibu lita 25.

Basi gawanya gramu kwa 58, halafu zidisha kwa 25. Mtungi wa kilo 6 ni gramu 6,000: utapata karibu lita 2,600, yaani mapipa 13 ya lita 200! Nusu kilo ni lita 215.

Hapo ndipo tungependa mtulie kidogo. Jiko la mita 2 kwa 2, lenye kimo cha mita 2 na nusu, lina hewa lita 10,000. Butani ikifika karibu sehemu 2 kwa kila 100 za hewa, cheche moja yatosha kulipua. Sehemu 2 kwa 100 za jiko hilo ni lita 200. Nusu kilo tu!

Tena haipandi juu kama moshi. Moli ya hewa ni gramu 29, butani ni mara mbili yake, kwa hiyo hulala sakafuni. Paa la makuti linalopitisha moshi wa kuni halitakusaidia hapa. Fungua mlango, na uwe na tundu chini ya ukuta.

Kila mtungi una uzito wake mtupu uliochapwa juu, karibu na mkono. Ukisoma kilo 7, ule wa gesi ya kilo 6 sharti uwe 13 kwenye mizani. Ukiwa 12 na nusu, nusu kilo haikutiwa au imevuja. Umrudishie mwuzaji kabla hujaufungua. Mizani moja ya kikundi yatosha wote.

Nyumbani paka povu la sabuni kwenye regulata na mpira; povu likifura, gesi yavuja. Ukisikia harufu, funga mtungi, fungua mlango, toa watoto. Usiwashe kiberiti wala kugusa swichi ya stima, hata ya kuzima.