Mguu Usiifuate Pikipiki ya Zamani

Askari akabidhiwapo pikipiki mpya, mikono huizoea upesi, bali mguu huendelea kuitumikia ile ya zamani. Hapo ndipo ilipo hatari.

Yamaha DT 125, waliyoizoea madereva wengi wa zamani, ni ya mipigo miwili. Oili yake ina tangi la peke yake, nayo huungua pamoja na petroli. Bajaj Boxer, iliyoenea leo Kasese na Bwera, ni ya mipigo minne. Oili yake hukaa ndani ya injini. Asiyeipima mara kwa mara huiua.

Tofauti kubwa zaidi imo katika gia. Katika DT, gia ya kwanza hukanyagwa chini, zilizosalia huinuliwa. Katika Boxer nyingi zenye gia 4, zote huingia kwa kukanyaga mbele. Basi dereva ateremkaye vilima vya Bwera, akikanyaga kwa mazoea ili apunguze gia, huiongeza! Injini huacha kumzuia, na mzigo wote huziangukia breki.

Kwa hiyo, jizoeze kwanza uwanjani bila abiria. Kisha shika barabara ya tambarare kutoka Kasese hadi Kikorongo, ukijihadhari na malori yaendayo mpakani Mpondwe, na tembo wavukao katika Hifadhi ya Queen Elizabeth. Milima iwe ya mwisho.

Bunduki mpya hujaribiwa kwanza uwanja wa shabaha. Pikipiki nayo yastahili heshima hiyo, kwani hubeba roho mbili.