Njia ya Kwenda Ifakara

Mshiriki wa kongamano la sayansi aendaye Ifakara kwa gari hutoka Dar es Salaam kwa barabara kuu ya Morogoro, hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na afikapo mji wa Mikumi huiacha njia ya Iringa akashika kushoto. Pale Kidatu, penye mashamba ya miwa, huvuka Mto Ruaha Mkuu. Kisha milima ya Udzungwa humwandama kuliani hadi bondeni. Apendaye reli hupanda treni ya TAZARA, lakini aulize ratiba mapema, maana haipiti kila siku. Masika, kati ya Machi na Mei, aongeze siku ya akiba.

Chandarua kisisahaulike. Malaria ndiyo iliyowavuta watafiti wengi huku, tangu Rudolf Geigy wa Uswisi alipoanzisha maabara Ifakara katika miaka ya 1950. Leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Mgeni akipata homa, hata wiki kadhaa baada ya kurejea kwao, apimwe malaria siku hiyohiyo na amweleze mhudumu alikotoka.

Mwenye nafasi alitazame Daraja la Magufuli, lililozinduliwa mwaka 2018 juu ya Mto Kilombero. Kabla yake, mgonjwa kutoka Ulanga au Malinyi aliyekuwa akipelekwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko alingoja kivuko ng'ambo ya pili. Januari 2016 kivuko hicho kilizama.