Mmamba, Samaki Aliye Jamaa ya Binadamu

Juu ya meza za wauza samaki wa Bwaise, mjini Kampala, mmamba hulazwa ubavuni mwa ngege, na wanunuzi wengi huwahesabu wote wawili kuwa ni samaki tu. (Huyu asichanganywe na mamba wa mtoni, wavuvi wa Tanzania humwita kamongo.) Lakini watu wa ukoo wa Mmamba wa Buganda hupita bila kumnunua, kwani ni mwiko kwao kumla.

Mmamba ana mapafu. Akiwa mkubwa hana budi kupanda juu kuvuta pumzi; akizuiwa chini, hufa maji. Kinamasi kikikauka huweza kujichimbia matopeni, akajifunika utelezi unaokauka kama ngozi, akangojea mvua.

Mwaka 1996 wataalamu Rafael Zardoya na Axel Meyer walitangaza kwamba wamesoma, herufi kwa herufi, vinasaba vyote vya mitokondria ya mmamba wa aina ya Kongo. Mitokondria ni vijisehemu vilivyomo ndani ya chembe hai, vyenye kuupa mwili nguvu. Herufi zilikuwa 16,646. Za binadamu ni 16,569. Zilipolinganishwa na za viumbe wengine, mmamba alionekana kuwa karibu zaidi na wanyama wa nchi kavu kuliko samaki wa kawaida. Wengine walimtetea silikanti, yule samaki wa kale wa Komoro na Tanga, hata mwaka 2013 uchunguzi wa vinasaba vyote vya silikanti mwenyewe ukampa mmamba haki yake. Kwa hiyo ngege aliyelazwa mezani ni jamaa wa mbali zaidi kwa mmamba kuliko mama anayemkaanga, ijapokuwa wazee wa wawili hao waliachana zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita.

Hapa pana kichekesho. Katika Buganda mtoto hufuata ukoo wa baba, ilhali mitokondria hurithiwa kwa mama. Binti wa ukoo wa Mmamba akiolewa kwingine, wanawe huhesabiwa ukoo mwingine, lakini herufi zake huendelea nao.

Kwa mmamba, mlezi ni baba. Dume hutengeneza kiota kingoni mwa mafunjo, akalinda mayai na watoto. Bwaise imo bondeni, na maji yake huelekea kinamasi cha Lubigi. Sehemu kubwa ya mafunjo imekatwa na udongo kumwagwa ili kujenga. Mvua kubwa inyeshapo maji huingia majumbani, na palipofukiwa dume halina pa kuweka kiota.