Joto Halilingani: Jinsi ya Kulipima Mtaani Mbwajumali

Msimu wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, wakazi wa Mbwajumali husikia redioni kiwango cha joto kilichotangazwa kwa Lamu. Kiwango hicho ni cha mahali kilipo kituo cha hali ya hewa. Hakielezi hali ilivyo ndani ya chumba cha mabati saa nane mchana.

Kipimajoto cha kituo hukaa ndani ya kisanduku cheupe chenye nafasi za kupitisha hewa, mita moja na zaidi kutoka ardhini. Hupima joto la hewa kivulini, si la paa wala ukuta.

Tofauti kati ya kituo na mtaa yaweza kuwa kubwa. Jijini Nairobi, msimu wa joto wa 2015 na 2016, watafiti waliweka vipimajoto Kibera, Mathare na Mukuru, kisha wakalinganisha na kituo cha Dagoretti. Mitaa hiyo iliizidi Dagoretti kwa nyuzi kadhaa za Selsiasi. Uhaba wa miti ulitajwa miongoni mwa sababu.

Mbwajumali si jiji, lakini kanuni ni ile ile. Mabati hupata moto upesi na kulishusha joto chumbani. Makuti hupoza nyumba, ila huwaka kwa urahisi: moto wa Faza wa Septemba 2009 uliteketeza mamia ya nyumba. Kwa hivyo aliyeezeka mabati ana sababu yake. Kinachohitajika ni dari na matundu ya hewa juu ya ukuta. Kuta nene za mawe huchelewa kupata joto mchana, lakini hulitoa usiku. Mwembe au mwarobaini hutia kivuli, na majani yake hupoza hewa kwa kutoa mvuke.

Shule, kikundi au familia yaweza kupima hivi:

• Tumieni vipimajoto vya aina moja. Viwekeni kwanza pamoja kivulini mhakikishe vinasoma sawa.
• Chagueni mahali tofauti: ufuoni, kichochoroni, chini ya mti, ndani ya nyumba ya mabati na ya makuti.
• Kipimajoto kikae kivulini, kimo cha kifua, kisiguse ukuta.
• Someni kwa wakati mmoja alfajiri, saa nane mchana na saa tatu usiku, kwa wiki nzima. Andikeni pia kama kuna upepo au mawingu.

Vipimo vya usiku visipuuzwe, kwani mwili usiopoa usiku huamka umechoka. Wazee, watoto wachanga, wajawazito na wagonjwa wa moyo ndio walio hatarini zaidi. Chumba kitakachoonekana kuwa na joto kuliko vingine kisiwe chao cha kulala.

Mtu mwenye mwili wa moto aliyeanza kuchanganyikiwa au kuzirai apelekwe kivulini, aloweshwe maji, apepewe, na afikishwe kituo cha afya mara moja.